Muzee Aliyeamsha Seva kwa Mkono

Ukiuliza habari zake pale hospitali, kila mtu atakuambia alikuwa mtu mwema, na mimi sibishi. Nimechoka tu kusikia. Wauguzi wanamkumbuka, walinzi wa lango wanamkumbuka, hata mama anayeuza mandazi ng'ambo ya barabara huniuliza muzee wa mashine anaendeleaje, kisha ananitazama mimi niliyeshika kazi yake kama mtu anayetazama kiatu kilichobaki baada ya mwenzake kupotea. Alifanya kazi pale miaka mingi kuliko daktari yeyote. Hakupita mlango bila kusalimu. Na kwa karibu miaka hiyo yote aliiacha mashine moja ikiwa kilema kwa makusudi, na sisi tukamshukuru kila mara alipoibeba mgongoni.

Hilo ndilo ninalotaka kueleza, na nitajaribu kulieleza taratibu, kwa sababu nikikasirika huwa naruka maneno.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, karibu na duka la dawa, kimefungwa kwa pazia la buluu na mlango wa chuma. Ndani mlikuwa na seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, juu ya mbao, meza, kiti kimoja chake na ndoo iliyogeuzwa ambayo ilikuwa kiti changu. Nililetwa kwake mara tu nilipomaliza masomo ya informatiki, yaani ya kompyuta, nikiwa na diploma ndani ya bahasha ya plastiki. Hakuifungua. Alinipa brashi ya kupakia rangi, laini, iliyokatwa mpini, akaniambia nipanguse vumbi kwenye matundu ya mashine.

"Vumbi ya Goma ni jiwe iliyosagwa," alisema. "Ikiingia ndani, inakula."

Kwa miezi ya kwanza hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipangusa huku nikijiuliza kama nimemkosea kitu, kama salamu yangu ya siku ya kwanza ilikuwa fupi mno, kama nilipaswa kusema "Papa" badala ya "Muzee" au zote mbili. Yeye alikaa amevaa koti lake la kahawia hata wakati wa joto, kucha zake safi kama za mpishi wa padri, akisikiliza mashine. Alisema anasikia ikipumua vibaya. Mimi sikusikia kitu, nikawaza labda masikio yangu yana shida.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hasira yangu itaonekana ya kitoto. Seva ile ilibeba programu ya maabara. Vyombo vya kupima damu vilipeleka matokeo kwake, na skrini za wodini ziliyasoma kutoka kwake. Programu hiyo hupokea wanaoiuliza kupitia faili dogo linaloitwa soketi. Si faili la kuandikwa habari, ni mlango. Skrini ikitaka matokeo ya mgonjwa, hugonga hapo. Mlango huo hukaa ndani ya folda yake, na folda hiyo iko mahali panapoitwa /run, mahali penye tabia moja: hapakumbuki kitu. Mashine ikizimika, vyote vilivyokuwa humo vinatoweka. Ikiwaka tena, panakuwa patupu kama uwanja uliofagiliwa. Kwa hiyo kila mashine inapoamka, lazima mtu au kitu kiitengeneze folda upya na kuikabidhi kwa programu ya maabara, iwe mali yake, ndipo programu iweze kuusimamisha mlango. Bila folda, programu inaanza, inakosa pa kuweka mlango, inakufa. Skrini za wodini zinabaki nyeupe.

Na sisi tunaishi katika mji ambao umeme ukikaa siku nzima bila kukatika, watu wanaanza kuushuku.

Dawa yake ni mstari mmoja. Kuna faili linaloueleza mfumo jinsi ya kuanzisha huduma ile. Ndani yake unaandika RuntimeDirectory=, unamalizia kwa jina la folda, basi. Tangu hapo mfumo wenyewe, kila unapowaka, utaitengeneza folda na kuikabidhi kwa mwenyewe kabla programu haijafumbua macho. Hakuna wa kukimbia, hakuna wa kuitwa. Mwanafunzi yeyote aliyehudhuria masomo anaweza kuuandika akiwa na njaa.

Mstari huo haukuwepo. Umeme uliporudi, Muzee aliacha alichokuwa akifanya, aliacha sahani ya chakula, aliacha mazungumzo katikati, akakimbia na mguu wake mbovu mpaka chini ya ngazi. Aliketi akiuweka mgongo wake kati yetu na kibodi. Aliandika amri tatu: tengeneza folda, mkabidhi mwenyewe, anzisha huduma. Kisha akapita wodi kwa wodi akisema, "Imeamka." Na wodi kwa wodi wakamjibu, "Asante, Papa."

Nilimuuliza. Ilinichukua wiki kuipanga sentensi. Niliisema kwanza kwa ukuta wa nyumbani, nikaifupisha, nikaiondolea neno "kosa" lisije likamuumiza.

"Papa, samahani, nilikuwa nafikiri..."

"Wewe unafikiriaka sana. Inaonekana kwa macho."

"Nilikuwa nafikiri tungeweza kuandika mustari mumoja tu, ile folda ijitengeneze yenyewe."

Aliendelea kumenya yai lake. "Uko na haraka ya kwenda wapi?"

Jibu la swali hilo nililipata siku tatu baadaye, nikioga. Siku ile nilisema tu, "Apana, Papa," nikarudi kwenye brashi yangu.

Alikuwa na misemo kwa kila kitu kilichonihusu. "Diploma haina mikono." "Kitu inajifungua yenyewe, inajiibisha yenyewe." "Mashine ni kama mutoto wa masomo, usipomuamsha wewe, anaenda bila kunawa." Wauguzi walicheka na kuirudia. Mimi niliibeba nyumbani na kubishana nayo kitandani. Mtoto wa shule akishakua, nilimwambia dari, hununua saa ya kengele. Lakini dari haikuwa Muzee, na mbele ya Muzee mwenyewe ulimi wangu ulilala.

Sasa ubaya wa kumkasirikia mtu kama huyu ni kwamba hakupi nafasi. Walezi wa wagonjwa, wale ndugu wanaolala uani wakipikia watu wao, walimletea simu zilizokufa, naye alizifungua kwa kisu kidogo na kuzirudisha hai bila kuchukua chochote. Kifungua kinywa chake aligawa. Mchana mkewe alimtumia fufu na sombe katika sahani mbili zilizofunikana, na kila siku sahani moja ilienda kwa mtu mwingine, mara mgeni tusiyemjua, mara mimi. Siku volkano ilipotapika na mji mzima ukashika barabara ya Sake, yeye alirudi hospitali wakati wengine wanatoka. Aliing'oa seva, akaifunga ndani ya blanketi la mkewe, akaipakia kwenye chukudu, kigari cha mbao cha kijana mmoja wa kubeba viazi, na wakaisukuma pamoja ndani ya umati, yeye akiiwekea mkono juu yake kama mtu anayepeleka mgonjwa. Matokeo ya watu wote, ya miaka yote, yakapona. Hadithi hiyo niliambiwa na watu wengi. Kila aliyenisimulia alimaliza kwa kunitazama, kama anayeuliza: wewe ungebeba nini?

Ningebeba seva. Naamini ningeibeba. Lakini kwanza ningeandika ule mstari.

Na niliuandika. Mchana mmoja umeme ulikuwa umerudi, alikuwa ameketi kwenye mashine, wakamwita duka la dawa kuangalia printa. Aliondoka bila kuifunga. Nilikaa juu ya ndoo nikisikiliza moyo wangu. Nilifikiria sababu za kutofanya, zote zikiwa nzuri, kisha nikasimama, nikafungua faili, nikaandika mstari, nikahifadhi, nikarudi kwenye ndoo. Alipoingia nilikuwa nimeshika brashi.

Kesho yake asubuhi alikuwa amefika kabla yangu.

"Kuna mutu alisahau kitu yake ndani ya mashine yangu," alisema bila kugeuka. "Nimeitupa."

Hakunikemea. Hakuninyima sahani ya pili siku hiyo. Aliisogeza upande wangu kabisa. Lakini hakuiacha tena mashine wazi, hata alipokwenda msalani, na mimi sikuwa na neno la siri. Hakuna aliyekuwa nalo ila yeye. Hilo nalo liliitwa uaminifu.

Siku iliyonivunja ni siku aliyokwenda Kibati kwenye matanga ya shemeji yake. Ilikuwa Jumamosi. Umeme ulikatika kabla ya mchana, betri zikashindwa, seva ikazimika. Ulirudi muda mfupi baadaye. Mashine iliwaka vizuri, taa zote kijani, na programu ya maabara ikafa pale pale, kwa kukosa folda. Maabara walikuwa wamemaliza kupima damu ya msichana mmoja wa Rutshuru aliyehitaji kuongezewa damu. Matokeo yalikuwa ndani. Karatasi zilikuwa zimekatazwa tangu matokeo ya watu wawili wenye jina moja yalipobadilishana, na mkuu wa maabara alikuwa mgumu kwenye hilo, na hakuwa na makosa.

Muuguzi wa wodi ya watoto alishuka ngazi mbili mbili.

"Informaticien, fungua machine."

"Siwezi."

"Namna gani huwezi?"

"Sina mot de passe, ile neno ya siri. Iko kwa Papa."

Alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Sasa ulisomaka nini?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mama wa yule msichana, kitenge kimelowa begani. Nilimpigia Muzee. Nyimbo za matanga zilisikika kabla ya sauti yake.

"Papa, courant ilikatika. Labo haifunguki. Kuna mutoto anangoja damu. Nipe mot de passe, tafazali, nitaandika amri tatu tu, ninazijua."

"Mot de passe haipitiake kwa simu."

"Papa, mutoto..."

"Ninakuja. Usiguse kitu."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilizijua amri zote tatu kwa moyo, nafasi zake, nukta zake, na vidole vyangu vilikuwa hapo hapo, na kati yao na msichana yule lilisimama neno moja lililokuwa kichwani mwa mtu aliyeko njia ya kaskazini. Muuguzi aliingia na kutoka. Mkuu wa maabara alikuja akasimama mlangoni, akaondoka. Yule mama aliketi chini, sakafuni, mbele ya pazia la buluu, na kila nilipoinua macho, macho yake yalikuwa kwangu. Sikujua niyaweke wapi macho yangu. Nilifikiria kumweleza kuhusu folda. Kweli nilifikiria hilo.

Alifika kwa pikipiki, vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, kitambaa cha matanga bado kimefungwa mkononi. Watu walimpisha kama wanavyompisha daktari. Aliketi, akageuza mgongo, na kibodi ikalia kwa muda usiotosha kunywa glasi ya maji. Juu, wodini, mtu akapaza sauti kwamba skrini zimerudi.

Muuguzi alipiga makofi. Walinzi walikuja kumpa mkono. Yule mama alipiga magoti mbele yake, na Muzee akamwinua kwa upole mwingi, akisema, "Simama, mama, simama, enda kwa mutoto," akamfuta vumbi kitenge. Msichana alipewa damu. Alipona, nilimwona akitembea uani wiki iliyofuata. Mtu akisikia hivyo atasema basi yameisha.

Hayakuisha. Wote walimshukuru kwa kuufungua mlango ambao yeye ndiye aliyeuacha ufungwe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mlango wa maabara umfuate mtu mpaka kwenye matanga. Na yeye, akijipangusa uso, aliniambia kwa sauti ya chini, karibu ya mapenzi:

"Umeona? Mashine inajuaka mukono."

Baada ya hapo nilimsalimu kila asubuhi na sikumpenda tena. Nadhani alijua. Hakubadilisha chochote, sahani ya pili iliendelea kuja upande wangu, na mimi niliila nikiwa na hasira, maana njaa haina msimamo.

Mguu ulipokataa kabisa, walimpumzisha. Kulikuwa na soda na hotuba. Jioni alinisubiri mlangoni, akaniambia neno la siri kwa mdomo, mara moja, bila kurudia, akaondoka. Kabla soda haijakauka mikononi nilikuwa nimeuandika ule mstari. Niliizima seva, nikaiwasha. Folda ikajitengeneza, mlango ukasimama. Nilikaa kwenye kiti chake nikacheka peke yangu.

Tangu siku ile skrini hazikubaki nyeupe. Umeme unakatika, unarudi, mashine inaamka, maabara inafunguka, na hakuna anayejua kama kuna kilichotokea. Kengele ya simu yangu ilinyamaza. Wauguzi wapya hawajui jina langu. Nilidhani huo ndio ushindi.

Kisha wafadhili wakaondoka, hospitali ikaanza kupunguza watu, na administrateur, msimamizi wake, akaniita. Alikuwa mpole. Alinipa kiti.

"Wewe, unafanyaka nini hapa, kwa kweli?"

Nilianza kueleza. Nilieleza vibaya, nikaanza tena, nikataja soketi. Alitikisa kichwa.

"Muzee tulimuonaka akikimbia," alisema. "Wewe hatujakuona."

Nina kazi mpaka mwisho wa mwezi tu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Muzee, upande wa Kituku, nyumba ya mbao ambamo harufu ya samaki wadogo wa sambaza inakaa hata siku zisizo za soko. Sikujua nilifuata nini. Njiani nilijitungia sababu kadhaa na zote zilikuwa za uongo. Nafikiri nilitaka aone alichofanya. Mkewe alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Muzee, mutoto wako amefika."

"Sina mutoto wa kichwa kubwa hivi," alisema, akanisogezea kiti kwa fimbo yake. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lile lile.

Nilimweleza yote. Alisikiliza akinywa chai, na nilipomaliza hakushangaa.

"Uliweka ile mustari."

"Siku ile ile."

"Nilijua." Akanywa tena. "Ifute."

"Papa?"

"Futa ile mustari. Courant ikatike mara mbili, tatu. Ukimbie. Wakuone ukikimbia. Usiseme kitu, ukimbie tu. Wataanza kuuliza contrat yako inaisha lini, waiongeze."

Alilisema kwa upole ule ule aliogawa nao fufu. Hiyo ndiyo iliyonichemsha. Alikuwa ananipa zawadi, kitu chake cha thamani kuliko vyote.

"Kwa hiyo ulijua," nilisema. "Miaka yote, ulijua mustari mumoja unatosha."

"Mutoto, mimi niliiandika kabla yako. Wakati mashine ni mupya. Ilikuwa inaamka vizuri sana. Kisha wakaniita ofisini, kama wewe. Wakaniuliza ile swali, kama wewe. Nilikuwa na watoto kwa masomo. Nikarudi chini ya ngazi, nikafuta."

Mkewe hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Na wagonjwa?"

"Walingoja kidogo. Nilikuwa ninakuja mbio. Wewe mwenyewe uliniona."

"Kuna aliyekufa akingoja?"

Sikuwa nimelipanga swali hilo, mimi ninayepanga hata salamu. Muzee aliweka kikombe chini. Mikono ya mkewe ilisimama juu ya maharagwe, na hapo nikajua kwamba yeye tayari anajua jibu.

"Mumoja," alisema. "Papa wa Masisi. Daktari alisema labda angekufa tu. Alisema labda."

"Na baada ya huyo? Ulifanya nini?"

"Nilinunua pikipiki," alisema. "Ili nifike mbio zaidi."

Hakusema kwa mzaha. Hakusema kwa kujitetea pia. Alisema kama mtu anayekumbuka gharama aliyoilipa kwa uaminifu. Niliposimama kiti kilianguka nyuma yangu.

"Sitaifuta, Papa."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

Mkewe alinyanyuka akaniokotea kiti. Muzee alinitazama, mimi nimesimama katikati ya nyumba yake, na uso wake ukalainika. Alinionea huruma, huruma ya kweli kabisa, kama aliyokuwa nayo kwa wale walezi wa uani. Huruma hiyo ndiyo ambayo sijamsamehe.